Mafuta ya chupa si ile dawa ya Waaborijini: kemia ya majani, moshi na mahali mti ulipoota

Kemia_wa_Msamvu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila nikiingia kwenye magrupu ya watengeneza sabuni nakuta tangazo lilelile la mafuta ya tea tree (mti wa Australia, si mchai): "dawa ya asili ya Waaborijini wa Australia, imetumika maelfu ya miaka". Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu ya pili inanikera, na ndiyo iliyozaa uzi huu. Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, hawakuwa na kichupa cha kahawia chenye kidondoshi. Walikuwa na majani, makaa, mvuke na mafuta ya wanyama, na kila njia kati ya hizo huchomoa kemikali zake kutoka mti uleule. Kilichomo kwenye chupa kilianzia maabara ya Sydney miaka ya 1920.

Mti wenyewe ni Melaleuca alternifolia. Kwao ni mabonde yenye majimaji kaskazini mwa jimbo la New South Wales, nchi ya Wabundjalung, mojawapo ya jamii za Waaborijini. Wabundjalung waliponda majani wakayanusa kwa mafua, wakayabandika kwenye vidonda, wakayaloweka. Kisha akaja Arthur Penfold, kemia wa Technological Museum pale Sydney. Yeye alipitisha mvuke kwenye majani, akaupoza, akakinga mafuta yaliyoelea juu ya maji. Alipoyapima dhidi ya fenoli, dawa iliyokuwa kipimo cha kuua vijidudu wakati ule, akaripoti kwamba yana nguvu takriban mara 11. Biashara ikaanzia hapo.

Sasa tuingie kwenye kemia yenyewe. Hayo mafuta tete (yanayoruka hewani na kukufikia puani) kwa sehemu kubwa ni terpeni. Mmea huunganisha vipande vya kaboni tano tano. Viwili vikishikana unapata monoterpeni yenye kaboni kumi. Ongeza oksijeni moja, badilisha pete hapa na mkono pale, utashangaa. Angalieni hii fomyula: C10H18O. Ni sineoli-1,8, ile inayofungua pua kwenye mkaratusi. Ni terpineni-4-oli, inayoipa tea tree sifa zake. Ni sitronelali, harufu ya limao ya ule mkaratusi unaonukia. Ni isomentoni, yenye harufu ya mnanaa, ambayo nitaieleza chini. Na linaloli pia. Atomi ni zilezile na hesabu ni ileile, ila mpangilio tofauti. Mmoja unafungua kifua, mwingine unaua kuvu wa vidoleni, mwingine unakimbiza mbu.

Kwa hiyo mtu akikwambia "haya ni mafuta ya mti fulani", bado hajakwambia kitu. Muulize mti uliota wapi, na mafuta yalitolewaje.

Naweka kituo, maswali yaje.

sabuni_asilia

Mkuu, nimekaa mbele kabisa. Mimi nauza sabuni ya tea tree na hilo tangazo ninalo neno kwa neno 😂. Ila hapa sijakuelewa: jani lina mafuta, chupa ina mafuta yaliyotoka kwenye jani. Tofauti iko wapi?

Kemia_wa_Msamvu

Swali zuri, dada. Tofauti zipo tatu, nazo si za kubahatisha.

Kwanza, jani changa la Melaleuca alternifolia halina terpineni-4-oli nyingi kama unavyodhani. Lina kemikali mama inayoitwa sabineni haidreti. Jani linavyokomaa, na hata wakati wa kupikwa kwa mvuke, hiyo hugeuka kuwa terpineni-4-oli na wenzake. Kwa hiyo mpondaji wa majani machanga na mpikaji wa mvuke wanapata vitu viwili tofauti kutoka tawi moja.

Pili, chupa inabeba kile tu kinachoweza kuruka na mvuke. Tanini, glaikosidi na resini zote hubaki kwenye pipa na makapi. Lakini aliyeloweka majani akanawia maji yake amepata hizo pia, huku mafuta akiyapata kidogo, maana terpeni na maji hawapatani.

Tatu, chupa inazeeka. Ukiiacha wazi juani, terpeni zake hushika oksijeni ya hewa, kemikali iitwayo p-simeni inaongezeka, na vinazaliwa vitu kama askaridoli ambavyo ngozi za watu wengi huvikataa. Wateja wengi wanaolalamika kwamba tea tree imewawasha walipakwa mafuta yaliyochakaa. Jani linalochumwa na kutumika siku hiyohiyo halina shida hiyo.

Mzee_Kipara

Kijana, unasema mafuta yanaruka na mvuke. Sineoli inachemka nyuzi 176 kama sikosei, na maji 100. Yanatokaje sasa, wakati chungu hakivuki 100? Au mnatupiga?

Kemia_wa_Msamvu

Shikamoo mzee. Hukosei, 176 ni sahihi.

Siri ni kwamba mafuta na maji havichanganyiki. Vikiwa ndani ya chombo kimoja kila kimoja kinatoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo, na misukumo ya mivuke hiyo miwili inajumlishwa. Chungu huchemka pale jumla inapofikia msukumo wa hewa ya nje. Maji hayahitaji kuufikia peke yake kwa sababu mafuta yanamchangia kidogo. Ndiyo maana mchanganyiko unachemka hata kabla ya 100, na mafuta yanatoka pamoja na maji bila kuungua.

Bint_Chake

Mzee Kipara, njoo Pemba uone. Kiwanda cha makonyo pale Wawi kinafanya kazi hiyohiyo. Makonyo yanaingia, mvuke unapita, mafuta ya karafuu yanatoka. Tofauti ni kwamba mafuta yetu ni mazito kuliko maji, yanazama chini badala ya kuelea. Mji mzima unanukia.

Ila mleta uzi umenigusa kwenye mambo ya moshi halafu ukayapita. Kwetu mzazi hufukizwa, na nguo za mtoto hufukizwa. Hao Waaborijini wanafukiza nini?

Kemia_wa_Msamvu

Umenipeleka ninapopapenda, bibie. Kwa maoni yangu hii ndiyo habari tamu kuliko zote kwenye mada hii.

Kuna kichaka kinaitwa Eremophila longifolia, wao wengi hukiita berrigan. Jenasi ya Eremophila ina spishi zaidi ya 200 na zote ni za Australia tu. Majani ya berrigan huwekwa mabichi juu ya makaa, moshi mzito wenye unyevu unapanda, na katika jamii nyingi mama aliyetoka kujifungua pamoja na mtoto wake hupitishwa kwenye moshi huo. Inasemwa husaidia kukata damu, kuleta maziwa na kumpa mtoto nguvu.

Wakemia wa University of New England, kule Armidale, Nicholas Sadgrove na Graham Jones, walijiuliza swali la kawaida: kinachofanya kazi ni mafuta tete? Walipoyapima mafuta peke yake na moshi peke yake, kwenye moshi wakakuta kitu kingine kabisa: jenifuranali. Kiini chake ni asidi jeniposidi, ambayo jani linayo tayari lakini imefungwa na sukari, hairuki na haina harufu. Joto la makaa linaivunja na kuigeuza, na hapo ndipo jenifuranali inazaliwa na kupanda na moshi. Kwenye vipimo vya maabara ilizuia vijidudu vizuri kuliko mafuta tete yenyewe.

Jani bichi halina jenifuranali. Chupa ya mafuta haina pia. Dawa ile inatengenezwa pale pale kwenye makaa, na mwenye kuiga kwa kukeneka mafuta ya berrigan (kuyatoa kwa mvuke na kuupoza) atakuwa ameuacha mzigo wote kwenye pipa.

Nipo_Perth

Nathibitisha mambo ya moshi. Niko huku Australia Magharibi, na kwenye shughuli nyingi za kiserikali au za vyuo wazee wa Kinoongar, Waaborijini wa huku, huitwa kufukiza kabla ya hotuba. Majani mabichi juu ya makaa, watu wanapita katikati ya moshi. Lakini nilivyoelezwa na jirani, moshi wa shughuli na moshi wa mgonjwa ni vitu viwili, na wa mama aliyejifungua ni kazi ya wanawake, mwanaume haulizi. Nami sikuuliza.

Swali langu: kichaka hicho cha berrigan kipo huku kwetu pia. Kemikali zake ni sawa na za upande wa mashariki?

Kemia_wa_Msamvu

Si sawa, na hapa mkuu naomba kila anayependa kuchuma na kuchemsha asome mara mbili.

Berrigan ni spishi moja kwenye vitabu vya botania, lakini kikemia ni makabila kadhaa. Kuna miti ya New South Wales ambayo mafuta yake yamejaa isomentoni, yananukia mnanaa. Kuna mingine iliyojaa karahanaenoni. Halafu kuna miti ya huko ulipo, Australia Magharibi, ambayo mafuta yake yametawaliwa na safroli na methili-yujenoli. Safroli ndiyo ile Marekani waliipiga marufuku kwenye vyakula mwaka 1960 baada ya kuleta uvimbe kwenye ini la panya. Ukiviweka vichaka hivi bega kwa bega, kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Ndiyo maana sentensi ya "Waaborijini wanatumia mmea huu" haina maana mpaka useme Waaborijini gani, wa wapi, kwa njia gani. Ujuzi wao umefungwa na mahali. Mganga wa upande mmoja wa bara hakuwa na sababu ya kudhani kichaka cha upande wa pili ni kilekile.

Hata tea tree ni hivyohivyo. Melaleuca alternifolia ina aina sita za kikemia: moja inaongozwa na terpineni-4-oli, moja na terpinoleni, na nne na sineoli. Wakulima wa New South Wales wanapanda aina ya kwanza kwa makusudi. Kanuni ya kimataifa, ISO 4730 toleo la 2017, inataka terpineni-4-oli iwe kati ya asilimia 35 na 48, na sineoli isizidi 10. Mti wa porini usiochaguliwa unaweza kukupa mafuta yanayonukia kama mkaratusi tu.

sabuni_asilia

Sasa mimi nanunua mafuta kwa jumla Kariakoo, karatasi ya vipimo sijawahi kuona. Nitajuaje kama si ya kuchakachua?

Kemia_wa_Msamvu

Jaribio la jikoni: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, acha mpaka kesho. Mafuta tete yakiwa halisi yataruka karibu yote. Likibaki doa la greasi, kuna mafuta ya kupikia humo.

Ila jaribio hilo linakamata mwizi mjinga tu. Mwizi mwenye shahada anachukua terpineni-4-oli ya bei rahisi kutoka chanzo kingine na kuichanganya mpaka asilimia zifike. Huyo anakamatwa kwa mikono. Molekuli hii ina umbo la mkono wa kulia na wa kushoto, na mti halisi hutengeneza zote mbili kwa uwiano wake, takriban theluthi mbili kwa theluthi moja. Iliyotengenezwa kiwandani mara nyingi ni nusu kwa nusu. Mashine ya kromatografia ya gesi (inayotenganisha kemikali moja moja) yenye safu maalumu inaliona hilo bila shida.

Muuzaji wako mwombe karatasi ya kromatografia ya mzigo husika, yenye namba ya mzigo. Akianza kukuletea hadithi za Waaborijini badala ya karatasi, hama duka.

Nesi_Mstaafu

Wanangu, mnaongea vizuri, lakini mtu akisoma hapa usiku atakwenda kumnywesha mtoto. Mafuta ya tea tree hayanywewi. Ya mkaratusi hayanywewi. Kijiko kidogo tu cha mkaratusi kwa mtoto mdogo kinaweza kumletea degedege na kumlaza asiamke kwa urahisi. Kafuri vilevile. Usimpake mtoto mchanga puani. Na nyungu ya maji yanayotokota karibu na mtoto, nimeuguza ngozi zilizobabuka zaidi ya hao waliopona mafua.

Kemia_wa_Msamvu

Asante mama, naomba kila mtu auone huo ujumbe. Jani lililopondwa lina mafuta asilimia moja au mbili tu ya uzito wake. Chupa ni yale mafuta matupu. Anayesema "ni asili haina madhara" amesahau kupiga hesabu hiyo.

Wanja_Limuru

Niko na swali la Kikenya. Hapa kwetu bluegum, yaani mikaratusi, iko kila mahali, viwanda vya majani chai vinazichoma kama kuni. Hizi si ndizo za Australia? Na hao Waaborijini walizitumia? Cucu (nyanya) wangu alikuwa anatuchemshia majani yake tukiwa na homa.

Kemia_wa_Msamvu

Ndizo, dada Wanja. Kwenu ziliingia mwaka 1902 hivi, kutafutia reli ya Uganda kuni. Kwa historia ya Australia, mafuta ya mkaratusi ndiyo yaliyotangulia. Mwaka 1788 meli za kwanza za Waingereza zilipofika Sydney, madaktari wao John White na Denis Considen walikuwa wakikeneka majani ya Eucalyptus piperita kwa magonjwa ya tumbo. Miaka ya 1850 Joseph Bosisto akafungua biashara kule Victoria, akisukumwa na mtaalamu wa mimea Ferdinand von Mueller. Mwaka 1902 Baker na Smith, wa makumbusho yaleyale ya Penfold, wakachapisha kitabu kizima cha mafuta ya mikaratusi, wakionyesha kwamba spishi zinatofautiana mno kwa kemia.

Waaborijini walikuwa nayo siku zote. Jamii nyingi zilichimba shimo, zikaweka makaa au mawe ya moto, zikatandaza majani mabichi juu, mgonjwa akalala hapo akavuta mvuke. Hawakuwa na vyungu vya udongo wala vya chuma, ndiyo maana shimo. Sehemu nyingine walisaga majani wakachanganya na mafuta ya wanyama wakapaka. Kikemia hilo ni jambo la akili sana: terpeni huyeyuka kwenye mafuta, hazirukiruki, na ngozi inazipata polepole.

Kuhusu bluegum za Limuru, hapo ndipo penye mtego. Bluegum halisi ni Eucalyptus globulus, na mafuta yake huwa na sineoli asilimia 60 mpaka 85. Lakini nyingi mnazoita bluegum ni grandis na saligna, zilizopandwa kwa mbao, nguzo na kuni. Hizo zina mafuta kidogo, na sehemu kubwa yake ni alfa-pineni, harufu ya msonobari. Huenda majani ya cucu yako yalikuwa na sineoli, huenda hayakuwa nayo, na nafuu mliyoisikia ilitoka kwenye mvuke wa maji ya moto.

Mzee_Kipara

Kwa hiyo ile nyungu ya 2021, wakati wa korona, tuliyofunikwa na mablanketi, wengine walivuta pineni tu? 😂😂

Kemia_wa_Msamvu

Mzee, wengine walivuta limao na vitunguu 😂. Sineoli ina ushahidi mzuri wa kulegeza makamasi na kupunguza uvimbe wa njia za hewa; Ujerumani wanaiuza kwenye vidonge kwa ajili ya sinusi na bronkaitisi. Kuua virusi ndani ya mapafu ya mtu ni madai mengine, na sahani ya maabara haiyathibitishi. Hilo nalisema pia kwa tea tree. Utafiti wa 1990 uliwapa watu 124 wenye chunusi ama jeli ya tea tree ya asilimia 5 ama benzoili peroksaidi, dawa ya kawaida ya chunusi, ya asilimia 5. Zote zilisaidia, tea tree ikachelewa, lakini ikawasha ngozi kidogo kuliko mwenzake. Matokeo ya kiasi, ya kweli, yanatosha. Sijui kwa nini watu wanaona lazima waongeze saratani na kisukari.

Bint_Chake

Bado hujajibu kubwa. Wabundjalung wanapata nini? Maana naona Penfold, naona Bosisto, naona ISO. Wenye mti wako wapi?

Kemia_wa_Msamvu

Penfold alipochapisha, hakukuwa na sheria yoyote iliyomtaka mtu kuomba ruhusa wala kugawana faida. Mashamba na viwanda vilijengwa, na ujuzi ukahesabika kuwa wa kila mtu. Mkataba wa Nagoya wa kugawana faida za mimea na ujuzi wa wenyeji ulikuja 2010 na kuanza kazi 2014. Australia ilitia saini lakini haijauridhia. Jimbo la Queensland lilirekebisha sheria yake ya kutafuta bidhaa kutoka bioanuwai mwaka 2020, sasa anayetaka kutumia ujuzi wa jadi wa Waaborijini kwa kazi hiyo lazima awe na makubaliano na wenye ujuzi. Mti wa tea tree uko upande wa pili wa mpaka, New South Wales, na farasi alishatoka zizini karne moja iliyopita.

Njia nyingine ipo. Macquarie University pale Sydney imefanya kazi na wazee wa Yaegl, jirani wa Wabundjalung, kwa mpangilio ambao wazee ndio wanaoamua kipi kiandikwe na kipi kibaki kwao. Kwa mtindo huo matokeo machache yanatoka hadharani. Mimi naona ni sawa.

Wanja_Limuru

Sisi tulipoteza vijidudu vya Ziwa Bogoria hivyohivyo, vikaenda kutengeneza vimeng'enya vya kufifisha jinzi. Tunawaelewa kabisa.

NguzoNjombe

Wakuu nimechelewa, nilikuwa shambani. Mimi nina ekari za mikaratusi ya nguzo huku Njombe, na majani yanabaki chini tani na tani tukivuna. Pia nyumbani kuna miti miwili mikubwa ya zamani, mmoja ukipondwa unanuka kama Vicks, mwingine kama mchaichai. Naweza kukeneka nikauza?

Kemia_wa_Msamvu

Mkuu, majani ya nguzo nina shaka nayo. Kama ni grandis utachoma kuni nyingi upate alfa-pineni kidogo, nayo bei yake ni ya chini.

Huo wa harufu ya Vicks unaweza kuwa globulus. Wa harufu ya limao nadhani ni Corymbia citriodora, asili yake mashariki mwa Australia, na mafuta yake yanaweza kuwa sitronelali mpaka asilimia 80. Sitronelali ikikaa na asidi hugeuka kuwa PMD, kinga ya mbu ambayo CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, ilianza kuipendekeza 2005. Usiichanganye na mchaichai wenyewe: huo una sitrali, na bingwa wa sitrali duniani ni Backhousia citriodora wa Queensland, zaidi ya asilimia 90.

Usinunue pipa bado. Kata tawi kwa kila mti, lenye majani yaliyokomaa, maua na vile vikombe vya mbegu, maana mikaratusi inatambulika kwa vikombe kuliko majani. Kausha kati ya magazeti, andika mahali na tarehe, yapeleke TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu hapa Morogoro, wakupe jina. Majani ya kupima mafuta yatume mabichi, kila mti kwenye mfuko wake wa karatasi, usitumie nailoni.

NguzoNjombe

Vikombe vimejaa chini ya ule wa Vicks. Wa limao hauna maua mwezi huu.

Kemia_wa_Msamvu

Leta wa Vicks kwanza. Wa limao usubiri utoe maua.